Nazi, mawese, alizeti au zeituni: chagua mafuta kwa kuangalia trigliseridi zake

Kila mtu ana mafuta anayoyatetea. Mmoja atakuambia nazi ndo dawa ya kila kitu, mwingine anaapa hagusi chochote zaidi ya zeituni, wa tatu anasema mawese yanaziba mishipa yaachwe kabisa, na we uko hapo umeshika chupa mbili hujui urudishe ipi. Mi naona shida inaanzia kwenye swali lenyewe, maana "mafuta mazuri ni yapi" bila kutaja kazi ni swali lisilo na jibu. Kukaangia, kumwagia kwenye saladi, kupaka mwilini na kutengenezea sabuni ni kazi nne tofauti, na kemia inayofaa kazi moja mara nyingi ndo inayoharibu nyingine. Kwa hiyo hapa nachukua manne yanayoulizwa sana, nazi, mawese, alizeti na zeituni, nayapitisha kwenye vipimo vilevile, alafu utachagua kwa hali yako.

Vipimo vyenyewe: yana asidi gani za mafuta, yanavumilia vipi joto, yanakaa muda gani kabla ya kuchacha, yanafanya nini mwilini, yanatoa sabuni ya aina gani, na yanafaaje kwenye ngozi na nywele. Bei sijaiweka kwa sababu inabadilika kila mahali na kila msimu.

Kwanza molekuli yenyewe

Mafuta yote unayoyajua, yawe maji au mgando, ya mmea au ya mnyama, karibu yote ni trigliseridi. Kwenye mafuta yaliyosafishwa vizuri ni zaidi ya asilimia 90. Trigliseridi ichukulie kama uma wenye meno matatu: mpini ni gliseroli, hiyo hiyo gliserini ya kupaka, na kila jino ni asidi moja ya mafuta, yaani mnyororo wa kaboni. Ukiwa na jino moja tu hiyo ni monogliseridi, mawili ni digliseridi. Kila asidi inapojishika kwenye gliseroli inatoka molekuli moja ya maji, na hii kumbuka, kwa sababu maji yakirudi na joto yanaweza kuitenganisha tena.

Mwanakemia Scheele alichemsha mafuta ya zeituni na oksidi ya risasi mwaka 1779 akapata kimiminika kitamu, ndo gliserini hiyo, alafu Mfaransa Chevreul akaja kuonyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mafuta ni gliserini pamoja na asidi. Tangu hapo jambo ni lile lile: gliseroli haibadiliki, ya nazi ni sawa kabisa na ya alizeti, tofauti yote iko kwenye asidi tatu zilizoshikwa.

Na asidi zinatofautiana kwa mambo mawili tu makubwa. La kwanza ni urefu wa mnyororo. La pili ni vifungo maradufu, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili badala ya mara moja, idadi yake na umbo lake. Asidi isiyo na kifungo maradufu inaitwa iliyoshiba, imenyooka, zinapangana kwa kubanana ndo maana zinaganda. Yenye kifungo kimoja imepinda sehemu moja, yenye viwili imepinda zaidi, hazibanani vizuri kwa hiyo zinabaki kimiminika. Angalia namba: asidi palmitiki imeshiba, ina kaboni 16, inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi za Selsiasi, wakati linoleiki yenye kaboni 18 na vifungo maradufu viwili inayeyuka nyuzi 5 chini ya sifuri. Mnyororo ni mrefu zaidi lakini unayeyuka mapema mno, kisa ni ile mipindo.

Yana asidi gani

Nazi: asidi kubwa ni lauriki, kaboni 12, inachukua karibu nusu ya mafuta yote, ikifuatiwa na miristiki ya kaboni 14. Jumla ya zilizoshiba inafika karibu asilimia 90. Ungetegemea iwe ngumu sana lakini kwa sababu minyororo ni mifupi inayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, ndo maana kopo la nazi asubuhi ya baridi limeganda jeupe na mchana limekuwa maji, na wala hayajachakachuliwa.

Mawese: palmitiki karibu asilimia 44, oleiki (kifungo kimoja) karibu 39, linoleiki kama 10. Nusu kwa nusu, na hiyo nusu kwa nusu ndo inayoyafanya yawe mgando laini. Viwanda vinayapooza taratibu, zile trigliseridi zinazoganda zinachujwa zinaitwa stearini, kinachobaki kimiminika ni oleini, na mafuta mengi ya maji yaliyoandikwa "mafuta ya mboga" yakiwa na mawese ndani huwa ni hii oleini. Kwa hiyo ukiona chupa yako inaanza kuwa na ukungu mweupe chini wakati wa baridi ni trigliseridi zenye palmitiki nyingi zinaanza kuganda, basi.

Alizeti: ya kawaida ni linoleiki nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 48 na 74, zilizoshiba kama 11 tu. Lakini kuna mbegu zilizozalishwa kwa ajili ya oleiki nyingi, mafuta yake yana oleiki asilimia 75 na kuendelea, na kikemia hayo ni mafuta mengine kabisa ingawa ua kwenye lebo ni lile lile. Hili watu wengi hawalijui na ndo linaloharibu mabishano mengi kuhusu alizeti, mmoja anazungumzia hii mwingine ile.

Zeituni: oleiki kati ya asilimia 55 na 83, zilizobaki ni palmitiki na linoleiki kwa viwango vinavyotegemea aina ya mti na hali ya hewa.

Ukitaka namba moja ya kulinganisha kuna namba ya iodini, inayopima vifungo maradufu. Nazi ni 6 hadi 11, mawese ya kawaida 50 hadi 55, zeituni 75 hadi 94, alizeti ya kawaida 118 hadi 141. Shika mpangilio huo kichwani, utaurudia sana huko chini.

Moto na kukaanga

Hapa ndo watu wengi wanapotoshwa, na mimi hapa nataka kukaa kidogo. Kipimo kinachotajwa kila mahali ni joto la kutoa moshi. Alizeti iliyosafishwa inafika nyuzi 225 hivi kabla ya kutoa moshi, oleini ya mawese iliyosafishwa iko maeneo hayo hayo, zeituni isiyosafishwa ya gredi ya juu ni kati ya 190 na 210, nazi isiyosafishwa ni kama 175 tu. Ukisoma hivyo utasema alizeti ndo bingwa wa kukaanga. Sasa subiri.

Moshi wa mwanzo hautoki kwenye trigliseridi yenyewe, kwa sehemu kubwa unatoka kwenye asidi huru, zile zilizokwisha kuachana na gliseroli, pamoja na uchafu mwingine mdogomdogo. Mafuta yakisafishwa asidi huru zinaondolewa kwa hiyo moshi unachelewa, haijalishi mafuta ni ya nini. Kwa maneno mengine joto la moshi linakuambia mafuta yamesafishwa kiasi gani na yametumika mara ngapi, halikuambii yatavumilia vipi saa mbili za moto.

Kinachokuambia hilo ni vifungo maradufu. Kwenye linoleiki kuna kaboni moja iliyobanwa katikati ya vifungo maradufu viwili, na hidrojeni zake zinang'oka kirahisi sana. Oksijeni ikipata hapo pa kuingilia mnyororo unaanza kuvunjika wenyewe kwa wenyewe, ndo maana linoleiki inaoksidika mara kumi au zaidi kwa kasi kuliko oleiki, na asidi iliyoshiba ni ya taratibu kuliko zote. Vipande vinavyotoka ni aldehaidi za kila aina na baadhi si nzuri kwa seli za mwili. Alafu minyororo iliyoumia inashikana na jirani zake kuwa kitu kizito, angalia pembeni mwa sufuria ya kukaangia iliyotumika sana, ule utando wa kahawia unaonata ambao sabuni haiutoi, hizo ni trigliseridi zilizoungana zikawa plastiki ya aina yake. Alizeti ya kawaida inatengeneza utando huo haraka, mawese na zeituni taratibu, nazi karibu haitengenezi.

Kuna na maji. Chakula kibichi kinaingia na maji, maji kwenye nyuzi 180 yanakata asidi kutoka kwenye gliseroli, asidi huru zinaongezeka, joto la kutoa moshi linashuka. Na mafuta yakizidi joto gliseroli iliyoachwa peke yake inapoteza maji inageuka akrolini, ule moshi mkali unaowasha macho na koo. Ukiufikia huo zima jiko, usisubiri.

Kwa hiyo kwa kukaanga kwenye mafuta mengi na kwa muda mrefu, oleini ya mawese na alizeti ya oleiki nyingi zinavumilia vizuri sana. Zeituni inavumilia kuliko watu wanavyodhani kwa sababu ya oleiki na vizuia oksidesheni vyake vya asili, nyuzi 170 hadi 180 inaziweza, ila unapoteza harufu uliyoilipia. Nazi iliyosafishwa kwa upande wa oksijeni iko imara kuliko zote, shida ni kwamba isiyosafishwa inatoa moshi mapema, na nyingine watu hawaitegemei: ukichanganya nazi na mafuta ya minyororo mirefu kwenye sufuria moja ya kukaangia yanatoa povu kupita kiasi na yanaweza kumwagikia jikoni, tena hatari. Usichanganye. Alizeti ya kawaida inafaa kukaanga haraka kwenye mafuta kidogo, mara moja ukamaliza, ila kuyatumia tena na tena siyashauri.

Kukaa bila kuchacha

Kuna kuchacha kwa aina mbili na ni vizuri ujue unayosikia ni ipi. Kwa oksijeni kunatoa harufu ya rangi ya zamani au kadibodi. Kwa maji, yaani asidi kuachana na gliseroli, kwenye nazi kunatoa ladha ya sabuni kabisa, kwa sababu lauriki huru ndo ladha yake hiyo. Ukionja nazi ukasikia sabuni ujue maji yaliingia, au kijiko kibichi, au ilikamuliwa kwenye nazi isiyokauka vizuri.

Kwa oksijeni mpangilio ni ule ule wa namba ya iodini: nazi inakaa muda mrefu kuliko zote, mawese yanafuata, zeituni, alizeti ya kawaida mwisho. Ila alizeti ina vitamini E nyingi kiasili inayoichelewesha, na zeituni isiyosafishwa ina polifenoli zinazoisaidia lakini pia ina klorofili ambayo mwanga ukiipata inaharakisha uharibifu, ndo maana chupa yake huwa nyeusi au ya kijani. Mawese mekundu yana karotini, hizo zinaisha mwanga ukiingia au zikipata joto kubwa.

Kuna hili la kuweka zeituni kwenye friji kuona kama ni halisi. Acha. Kuganda au kutoganda kunategemea palmitiki iliyomo na nta kidogo za ganda la tunda, zeituni halisi zingine zinaganda zingine zinabaki na ukungu tu.

Mwilini

Gramu moja ya yoyote kati ya haya manne ni kalori 9 hivi, hapo hamna mwepesi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni asidi zilizoshiba zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mtu wa kalori 2000 hiyo ni kama gramu 22. Sasa pima kwa kijiko kikubwa kimoja, gramu 14 hivi: nazi inakupa kama gramu 12 za zilizoshiba, mawese karibu 7, zeituni 2, alizeti moja na nusu. Hapo unaona kwa nini vijiko viwili tu vya nazi vinamaliza kiwango chako hata kabla hujagusa nyama au maziwa.

Kubadilisha zilizoshiba kwa linoleiki au oleiki kunashusha kolesteroli ya LDL, ile inayoitwa mbaya, hilo limepimwa sana na halina ubishi mkubwa. Lauriki ya nazi inapandisha LDL na pia inapandisha HDL, ile inayoitwa nzuri, na watu wanachukua hiyo ya pili wanaacha ya kwanza. Kingine, yale mafuta yanayouzwa kama "MCT" ni asidi za kaboni 8 na 10 zilizotengwa, zinapita haraka kwenda kwenye ini. Kwenye nazi hizo ni sehemu ndogo tu na lauriki kwa sehemu kubwa inafyonzwa kwa njia ya minyororo mirefu, kwa hiyo sifa za MCT usizibandike kwenye nazi nzima nzima.

Alizeti ya kawaida inakupa linoleiki ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uile. Hakuna hata moja kati ya haya manne yenye omega 3 ya maana, kwa hiyo kama omega 3 ndo unayoitafuta uko kwenye rafu isiyo sahihi, nenda kwenye samaki wa mafuta au mbegu za kitani.

Mawese yana mambo mawili yanayovutana. Mekundu yasiyosafishwa ni chanzo kikubwa cha karotini, ambazo mwili unazigeuza kuwa vitamini A. Yaliyosafishwa karotini zote zimeondoka, na kwa sababu mawese kiasili yana digliseridi nyingi kuliko mafuta mengine, yakisafishwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 digliseridi zinageuka esta za glisidili, kitu ambacho mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikitolea tahadhari mwaka 2016. Viwanda vimeshusha viwango tangu wakati huo na Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo, ila ni mfano mzuri kwamba digliseridi si jambo la darasani tu.

Na tuweke wazi: hakuna kati ya haya linalofanana kwa ubaya na mafuta yaliyogandishwa kwa hidrojeni nusu nusu. Kule vifungo maradufu vinanyooshwa vinakuwa transi, vinapandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Ukiona lebo inasema "yamehaidrojenishwa kiasi" rudisha.

Kuna wanaosikia "trigliseridi zako ziko juu" hospitali wanaacha mafuta kabisa wanabaki na soda na vitu vitamu. Trigliseridi za kwenye damu zinatengenezwa na ini pia, tena sana kutoka kwenye sukari na pombe. Kawaida kwa mtu aliyefunga ni chini ya miligramu 150 kwa desilita, na kama zako zimezidi zungumza na daktari kuhusu mlo wote, usihukumu chupa moja.

Sabuni

Sabuni ni trigliseridi ikikutana na kostiki (hidroksidi ya sodiamu), kila jino linakatwa linakuwa chumvi ya asidi ya mafuta, gliserini inabaki huru. Trigliseridi moja, kostiki tatu, sabuni tatu. Kwa sababu minyororo ya nazi ni mifupi, kilo moja ya nazi ina molekuli nyingi zaidi kuliko kilo ya zeituni, hivyo inakula kostiki zaidi. Kilo moja ya nazi inahitaji kama gramu 183 za kostiki, mawese 142, zeituni na alizeti kama 135. Ukichukua kipimo cha nazi ukakitumia kwa zeituni umezidisha kostiki kwa gramu 48 na sabuni hiyo itamchoma mtu ngozi, kwa hiyo tafadhali usikopi resipi ya mafuta tofauti. Wengi wanapunguza kostiki kwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kukatwa, iwe kinga na ulaini. Mwaga kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye kostiki, vaa miwani na glavu, usitumie sufuria ya alumini.

Nazi: kipande kigumu, povu jingi na la haraka, linatoka hata kwenye maji ya chumvi. Nazi tupu inakausha ngozi. Mawese: kipande kigumu kinachodumu, povu dogo la krimu linalokaa, na ngozi inalivumilia. Zeituni: laini sana kwa ngozi, povu kidogo na lenye utelezi, inahitaji wiki nyingi hadi miezi ya kukauka. Alizeti ya kawaida: kipande laini, na ile linoleiki inaendelea kuoksidika hata ndani ya sabuni hadi madoa ya rangi ya chungwa yanatokea. Ya oleiki nyingi inakaribia tabia ya zeituni.

Gliserini inayotoka pia inatofautiana, kilo ya nazi inakupa kama gramu 140, ya zeituni kama 104. Sabuni ya nyumbani inabaki nayo, viwanda vingi vinaitenga kwa chumvi vinaiuza kivyake.

Ngozi na nywele

Alizeti inafaa ngozi kavu kwa sababu linoleiki ndo malighafi ya ukuta wa ngozi wenyewe. Zeituni, pamoja na heshima yake yote, oleiki inalegeza ule ukuta, ikapakwa tupu kila siku kwenye ngozi inayopasuka au ya mtoto mchanga inaweza kuzidisha ukavu. Nazi ni nzuri kwa nywele kuliko zote nne, mnyororo wake mfupi na ulionyooka unaingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, ila kichwa chenye mba hadhari, maana fangasi wake anajilisha kwa asidi za mafuta. Mawese mekundu yanapaka rangi nguo na shuka, kwa kawaida yanakuwa ndani ya sabuni au krimu badala ya kupakwa yenyewe.

Gliserini tupu nayo siyo mafuta, inavuta maji. Ipunguze kwa maji au losheni, ukiipaka peke yake kwenye hewa kavu sana inavuta maji kutoka kwenye ngozi yako mwenyewe.

Neno kuhusu mono na digliseridi kwenye lebo

Ukikuta E471 kwenye mkate, aiskrimu au siagi ya mboga, hizo ni monogliseridi na digliseridi. Upande mmoja unapenda maji, mwingine unapenda mafuta, kwa hiyo vinashikamana visiachane, na kwenye mkate monogliseridi inajifunga kwenye wanga ikachelewesha mkate kuwa mkavu. Hata utumbo wako unazitengeneza, kimeng'enya cha kongosho kinakata meno mawili ya pembeni kinaacha la katikati. Kinachoweza kukuhusu ni asili yake, kwa sababu E471 inaweza kutoka kwa mmea au mnyama na lebo mara nyingi haisemi. Kama dini au mlo wako unajali hilo tafuta alama ya halali au ya mboga tupu, au muulize mtengenezaji.

Sasa kwa hali yako

Unakaanga mafuta mengi kila siku, mfano unauza vitafunwa: oleini ya mawese au alizeti ya oleiki nyingi, chuja kila baada ya kazi, na ukiona povu linabaki, rangi imekuwa nyeusi na moshi unawahi, mwaga.

Una kolesteroli ya juu au familia yenu ina historia ya moyo: zeituni na alizeti ziwe za kila siku, nazi na mawese kwa ladha ya mara mojamoja.

Unapika kidogo, kukaanga kitunguu na kuunga mboga: alizeti ya kawaida inatosha kabisa, nunua chupa ndogo imalizike mapema. Kama unapenda ladha na unakula mboga mbichi, zeituni isiyosafishwa ndo mahali pake.

Unaishi sehemu ya joto bila friji na mafuta yanakaa miezi: nazi iliyokauka vizuri au mawese, kwenye chombo kilichojaa na kufungwa, kijiko kikavu.

Unataka chupa moja tu kwa nyumba nzima: tafuta alizeti ya oleiki nyingi kama inapatikana, inafanya karibu kazi zote kwa kiwango kizuri bila kuwa ya kwanza kwenye yoyote. Ikikosekana, zeituni iliyosafishwa inachukua nafasi hiyo.

Unaanza kutengeneza sabuni: changanya. Nazi robo hivi kwa povu, mawese theluthi kwa ugumu, kinachobaki zeituni au alizeti ya oleiki nyingi kwa ulaini, na kostiki uipigie hesabu kwa kila mafuta kivyake ndo ujumlishe. Asiyetaka mawese kwa sababu ya misitu inayokatwa anaweza kuongeza zeituni na kukubali kusubiri zaidi, sabuni itakauka tu.